Viti vikipungua kwa Mkapa, mtu wa mzunguko asiachwe nje ya geti

Siku hizi tangazo la viingilio likitoka tu, kijiwe kinagawanyika. Haijalishi ni Kariakoo, Manzese, Buguruni au Mbagala. Kuna anayesema bei iko poa, kuna anayesema watu wa hali ya chini wanafukuzwa kijanja, na kuna yule ambaye hasemi kitu. Huyo anahesabu noti zake kimyakimya, halafu anauliza kibanda umiza gani kina skrini kubwa.

Hali yenyewe kila mtu anaijua. Uwanja wa Benjamin Mkapa unaingiza watu 60,000. Februari 23, 2021, Simba ilipoikaribisha Al Ahly, CAF iliruhusu nusu tu, yaani watu 30,000, kisa corona. Aprili 3, ilipokuja AS Vita, idadi ikashuka mpaka 10,000. Viti 50,000 vikabaki vitupu kwenye mechi ambayo nusu ya jiji ilitamani kuwepo. Simba ilipotinga robo fainali, hakuna mwenye akili timamu aliyetegemea milango yote kufunguliwa.

Ndio maana swali la viingilio lilikuwa moto kuliko hata swali la nani aanze namba tisa. Viti vikiwa vichache kuliko watu, nani aingie? Mwenye hela nyingi, au yule ambaye amekuwa akija siku zote?

MJADALA WA KIJIWENI

Pale Mbagala Rangi Tatu, kwenye maegesho ya bodaboda, mjadala huu umeshawahi kuchukua asubuhi nzima hadi abiria wakawa wanasubiri. Mwenye duka la vifaa vya simu alikuwa upande wa bei kupanda.

"Kaka, kitu kikiadimika kinapanda. Nyanya zikipungua sokoni si unanunua hivyohivyo?"

Bodaboda mmoja, jezi nyekundu imepauka mpaka inataka kuwa ya pinki, akamjibu bila hata kushuka kwenye pikipiki. "Nyanya sijawahi kuzililia mimi. Nyanya sijawahi kuzifuata mpaka Morogoro kwa lori."

Watu wakacheka. Mzee mmoja muuza magazeti akamalizia, "Bishaneni tu wanangu, wote mtaishia kwa jero kwenye kibanda."

Lilikuwa ni neno la utani, lakini ndilo lililobeba uzito wote wa jambo hili.

KLABU NAYO INA HOJA

Tuanze kwa kutenda haki. Anayesema klabu ikipandisha kiingilio ni tamaa tu, hajakaa chini na kalamu. Chukua mfano mwepesi, sio bei ya mechi yoyote, ni hesabu tu. Kiingilio kiwe buku tano kwa kila mtu. Uwanja ukijaa watu 60,000, zinapatikana milioni 300. Wakiruhusiwa 30,000, ni milioni 150. Wakiruhusiwa 10,000, ni milioni 50. Ili kuzirudisha zile milioni 300 kwa watu 10,000, kila mmoja atoe elfu 30.

Na gharama hazipungui kwa sababu watu wamepungua. Timu inaingia kambini vilevile. Hoteli inalipwa vilevile. Wachezaji wanataka bonasi zao, safari za ugenini zinataka tiketi za ndege, na kwenye hela ya getini kuna mgawo unaokatwa kabla klabu haijashika chake. Kiongozi anayepanga viingilio usiku na karatasi mbele yake sio adui wa mtu. Ana tundu la kuziba.

Kuna hoja ya pili ambayo watu wa kitaa hawapendi kuisikia. Ukiweka bei chini sana wakati viti ni 10,000 tu, anayefaidi anaweza asiwe mnyonge, akawa mlanguzi. Anabeba tiketi zake 20, siku ya mechi anasimama karibu na geti anauza mara tatu. Shabiki ameumia palepale, na klabu haijapata hata senti ya hiyo nyongeza.

Hoja zote mbili ni za kweli. Lakini zote zinaangalia hela ya getini tu, na hapo ndipo hesabu inapopotea.

HELA KUBWA HAIKO GETINI

Mwaka 2021 CAF ilikuwa inampa anayeishia robo fainali ya Ligi ya Mabingwa dola 650,000. Anayeishia nusu fainali alikuwa anapewa dola 875,000. Tofauti yake ilikuwa dola 225,000, ambazo kwa hela yetu zilikuwa zaidi ya shilingi milioni 500. Hizo zilipatikana kwa kushinda raundi moja tu.

Sasa rudi kwenye ule mfano. Klabu ikiongeza buku tano kwa kila mmoja wa wale watu 10,000, inapata nyongeza ya milioni 50. Yaani kupanda hatua moja kulikuwa na thamani ya zaidi ya mara kumi ya kumkamua shabiki buku tano nyingine.

Basi swali la kujiuliza ni hili: ni nini kinaisaidia timu kupanda hiyo hatua?

Klabu yenyewe imeshajibu. Msimu wa 2020/21 mzima ilitembea na kauli moja, "Kwa Mkapa hatoki mtu". Wageni wanaotishwa na kauli hiyo hawaogopi zege wala nyasi. Al Ahly walikuja hapa wakiwa mabingwa wa Afrika na wakapigwa 1-0 mbele ya uwanja uliojaa nusu. Kinachouzwa kwenye ile kauli ni watu. Ni ngoma, ni vuvuzela, ni ile sauti inayoanza upande mmoja na kuzunguka mpaka mgeni anashindwa kumsikia mwenzake hatua tano mbele.

Na hiyo sauti inatoka wapi? Kila aliyewahi kuingia pale anajua. Inatoka mzunguko. Inatoka kwa watu waliofika saa tano asubuhi kwa ajili ya mechi ya saa kumi, wamekaa juani, wamekula mihogo ya mia tano na maji ya kandoro, na bado dakika ya 85 wamesimama wanaimba.

Hakuna anayesema kelele zinafunga goli. Vita alipigwa 4-1 mbele ya watu 10,000 tu, na kazi ile ilifanywa na wachezaji. Lakini hiyo ndiyo sababu yenyewe ya kuchagua vizuri. Watu wakiwa 10,000 kwenye uwanja wa 60,000, kila mmoja amebeba sauti ya watu sita. Ukimpa kile kiti mtu asiyefungua mdomo, hujapoteza shabiki mmoja. Umepoteza sita.

MASTAA NA JUKWAA KUU

Hapa ndipo watu wengi wanapopandwa na hasira, na wana haki. Kila mtu kitaa anamjua staa wa aina hii. Dakika ya tano ameshatupia picha mtandaoni, miwani myeusi, jezi mpya ambayo bado ina mkunjo wa dukani. Dakika ya 60 ameshatoka kukwepa foleni ya Kilwa Road. Tiketi hakununua, alialikwa. Msimu uliopita alionekana na jezi ya upande wa pili.

Sio dhambi kualika staa. Anavuta wadhamini, anavuta macho. Uwanja ukiwa na watu 60,000, mialiko mia kadhaa haionekani. Lakini viti vikiwa 10,000, kila mwaliko unakuwa ni mtu fulani wa Tandika aliyeambiwa tiketi zimeisha. Kama lazima watu wajibane, basi wabane wote, na wa kwanza kubanwa awe yule anayeingia bure.

UMBALI UWANJANI, MSONGAMANO KIBANDANI

Kuna jambo jingine ambalo kwenye mijadala mingi linapitwa. Lengo la kupunguza watu uwanjani lilikuwa wasibanane. Sawa. Lakini shabiki aliyeshindwa kiingilio haendi kulala. Anaenda kibanda umiza.

Anayekijua kibanda umiza anajua. Ni chumba cha mabati, madirisha yamezibwa kwa turubai ili mwanga usiingie na asiyelipa asichungulie. Watu mia wamekaa kwenye mabenchi, magoti yamegusana, wengine wamesimama nyuma wakipumuliana visogoni. Feni ni moja na inazungusha joto lilelile. Goli likifungwa, kila mtu anamkumbatia aliye karibu.

Kwahiyo mtu ametolewa kwenye uwanja wa wazi, wenye upepo na viti 50,000 vitupu, akapelekwa kwenye boksi la bati. Klabu haikuweza kubadili idadi iliyowekwa na CAF. Lakini isijidanganye kwamba bei ikipanda na mtu akakosa, hatari imepungua. Imehamia Mbagala, na huko hakuna anayepima joto mlangoni.

WENZETU WALIFANYAJE?

Hili jambo halijatukuta sisi peke yetu. Uingereza, Desemba 2020, baadhi ya viwanja viliruhusiwa kuingiza watu 2,000 tu. Klabu kubwa zikiwemo Liverpool na Arsenal hazikusema mwenye hela nyingi ndio aingie. Zilichezesha droo kwa wanachama na wenye tiketi za msimu. Jina lako likitoka unaingia, lisipotoka unasubiri zamu.

Na mashabiki wa kule hawakupewa heshima hiyo kwa bahati. Februari 2016, Liverpool ilitangaza mpango wa tiketi ya pauni 77. Kwenye mechi na Sunderland, dakika ya 77 ilipofika, maelfu ya watu walinyanyuka na kutoka nje. Timu ilikuwa inaongoza 2-0, mechi ikaisha 2-2. Siku chache baadaye wamiliki wakaufuta ule mpango na kuomba radhi. Kumbe na wao, pamoja na mabilioni yote ya televisheni, hawawezi kucheza mpira na viti vilivyokasirika.

KIFANYIKE NINI?

Kwanza, bei ya mzunguko isiguswe. Kama kuna pengo la kuziba, lizibwe VIP. Anayelipia kiti cha kivulini chenye mto, akiongezewa elfu 20 atanung'unika halafu atalipa. Wa mzunguko akiongezewa buku tano hanung'uniki. Haji tu.

Pili, mgawanyo wa viti utangazwe wazi kabla ya mauzo. Mzunguko ni viti vingapi, VIP ni vingapi, mialiko ni mingapi. Watu wanakubali kukosa kama wameona hesabu. Wasichokubali ni kuambiwa tiketi zimeisha saa mbili baada ya mauzo kufunguliwa, halafu jioni wanaziona mkononi mwa mlanguzi.

Tatu, hoja ya ulanguzi ijibiwe na mfumo, sio bei. Kadi za kielektroniki zipo na zinajulikana getini. Kadi moja, tiketi moja, mtu mmoja. Wanachama waliolipa ada wapewe nafasi siku ya kwanza, na wakizidi viti, ichezeshwe droo. Droo haina upendeleo kwa mwenye gari wala kwa mwenye pikipiki. Bodaboda wa Rangi Tatu akikosa kwenye droo, ataumia, lakini atajua amekosa kama mwingine yeyote. Akikosa kwa bei, anajua ametengwa.

SIKU VITI VINAPORUDI

Corona ilikuwa ya kupita. Kwenye ligi yetu watu walirudi viwanjani tangu Juni 2020, na CAF nayo siku moja ingesema haya, jazeni. Viti 60,000 vikiwa wazi, sio kila siku atakuja Al Ahly. Kutakuwa na mechi ya Jumatano, mvua ya Aprili, mpinzani anashika nafasi ya 15, na klabu itahitaji watu.

Yule staa hatakuwepo. Mwenye VIP atatazama nyumbani kwake sebuleni. Klabu itamtafuta yule wa mzunguko, na huenda ikamkuta ameshazoea benchi la kibanda umiza. Pale analipa jero, hakaguliwi mifuko, na mechi ikiisha yuko hatua kumi kutoka kwake. Kumtoa pale kumrudisha Temeke itakuwa kazi nzito kuliko kuziba pengo la milioni 50.

Mtu anayetunzwa wakati wa viti vichache ndiye atakayejaza uwanja wakati wa viti vingi. Bodaboda wa jezi iliyopauka alikuwa bado hajaamua kama robo fainali atakwenda. Alikuwa anasubiri tangazo la viingilio.

Haya mdau, uwanja ni wako. Ungekuwa ndio wewe unapanga bei ya mechi ya watu 10,000, mzunguko ungeweka shilingi ngapi, na mialiko ungetoa mingapi? Tiririka hapo chini, ila bila matusi.