Gari Kuukuu na Kipande cha Mpira



Mzazi mmoja wa Muleba alinijia baada ya sala ya Alasiri, ameshika kanzu ya mwanawe mkononi kama mtu aletaye ushahidi mbele ya kadhi. Kanzu ilikuwa na doa jeusi la grisi toka kifuani hata pindoni. "Maalim," akasema, "nimempeleka kijana shule asome, naye kila Jumamosi yumo chini ya gari bovu. Mkataze, wewe atakusikia." Nikamjibu kwamba siwezi kukataza jambo nisilolijua, ila nitakwenda nikalione.

Basi nikaenda. Nyuma ya madarasa nililikuta gari la Land Rover la zamani limepandishwa juu ya magogo, halina magurudumu, na wanafunzi kumi na wawili wamelizunguka. Wameunda chama chao cha magari, wakisimamiwa na mwalimu wao wa fizikia na fundi mmoja mzee wa mtaani. Gari hilo walipewa bure, maana kwa miaka mingi lilikaa katika shamba la migomba, kuku wakitaga ndani yake.

Yule fundi alinikaribisha kwa heshima, akanipa somo ambalo sikulitarajia. Aliniambia kwamba Land Rover zilianza kuuzwa mwaka 1948, baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati Uingereza ilipokuwa na upungufu wa chuma cha pua. Kwa sababu hiyo bodi zake zilitengenezwa kwa aluminiamu. Aluminiamu hailiwi na kutu kama chuma. Lakini chasisi, yaani ule uti wa mgongo ubebao gari zima, ni ya chuma. "Ndiyo maana, Maalim, gari hili laweza kumdanganya mtu," akasema. "Bodi yang'aa, huku chini yameoza." Kisha akachukua nyundo, akawa anaigonga chasisi shubiri kwa shubiri, na wanafunzi wakisikiliza. Palipo pazima palilia kama kengele. Palipooza palitoa sauti nzito, na mwanafunzi mmoja akapatia alama ya chaki.

Miongoni mwao alikuwamo msichana aliyekuwa akipima nafasi za valvu kwa vibati vyembamba. Fundi alikuwa amewaamuru yeye na wenziwe wachomeke mitandio yao ndani ya ovaroli, na wavulana wasije na kanzu kabisa, kwa sababu feni ya injini ikishika pindo la nguo haitazami ni ya nani. Hilo nalisema hapa kwa ajili ya akina mama, ili wajue kwamba ovaroli si anasa.

Niliporudi, nilimweleza yule mzazi niliyoyaona. Hakuridhika. Alisema ufundi ni kazi ya walioshindwa shule, na tena si mambo yetu, ni mambo ya Wazungu.

Neno hili la pili ndilo lililonichoma, maana limesemwa na Mhaya. Huko Katuruka, katika Maruku, si mbali na mji wa Bukoba, ardhini yamo mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma ambazo umri wake wapata miaka elfu mbili. Mwaka 1976 wazee wa Buhaya, ambao walikuwa wameacha kazi hiyo kwa miaka mingi kwa sababu ya chuma rahisi kilicholetwa kutoka ng'ambo, walijenga tena tanuri kwa kumbukumbu zao, mbele ya mtaalamu wa Kimarekani, Peter Schmidt. Wazee hao waliingiza mirija ya udongo ndani kabisa ya tanuri, hata hewa ya mivukuto ikapata moto kabla ya kuufikia mkaa, na joto likazidi sana. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery waliyachapisha hayo, na wataalamu wa dunia wakastaajabu. Je, kazi ya wale wazee na kazi ya watoto hawa nyuma ya darasa hazifanani? Wote walishika kitu kilichoachwa, wakakifufua kwa mikono.

Na ama neno la kuwa ufundi ni wa walioshindwa, serikali yenyewe imekwisha kulikataa. Tangu Januari 2024 umeanza mkondo wa amali katika shule za sekondari, ambamo mwanafunzi husoma fani ya kazi pamoja na masomo mengine. Na kule Burugo, Bukoba Vijijini, kipo chuo kikubwa cha VETA kilichojengwa kwa msaada wa China, ambacho Rais Samia Suluhu Hassan alikifungua Oktoba 2022. Mzazi akanyamaza, lakini kwa kunyamaza kwa mtu anayengoja.

Sasa nawaeleza lililotokea baadaye, nalo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu.

Gari lilipokaribia kwisha, injini ilikuwa imewaka, na rangi ya kijani imepakwa. Shule ikaafiki kwamba safari ya kwanza iwe ya kuwachukua watoto wanane wa chuo changu kwenda Bukoba katika mashindano ya kuhifadhi Kurani. Watoto hawakulala kwa furaha. Usiku mmoja, baada ya Isha, yule kijana mwenye kanzu ya doa alinijia barazani, akaketi, akawa hasemi.

"Kuna nini, mwanangu?" nikamwuliza.

Akaeleza. Alikuwa amekabidhiwa gurudumu la nyuma la kushoto, pamoja na fedha za kununulia vipande vya mpira vya breki vya magurudumu yote. Kwa wasiojua: ukanyagapo breki, mafuta husukumwa katika mabomba mpaka kwenye kijisilinda kilicho gurudumuni, nacho husukuma viatu vya breki vishike ngoma inayozunguka. Kipande kidogo cha mpira ndicho kizuiacho mafuta yasivuje. Na katika gari nyingi za zamani mafuta yana njia moja tu. Yakivuja gurudumu moja, magurudumu yote manne hukosa breki.

Kijana alifika dukani akakuta bei imepanda. Fedha zikamaliza magurudumu matatu. Aliona haya kurudi mbele ya wenziwe na kusema hazikutosha. Basi akauchukua mpira wa zamani, akauosha kwa petroli hata ukawa kama mpya, akaurudisha ndani, akasema, "Tayari."

"Je, Maalim," akaniuliza, "nikiubadilisha baada ya safari, kimyakimya, haitoshi?"

Sikumsomea hotuba. Nilimweleza habari yangu mwenyewe. Katika miaka ya 1980, kabla sijakaa chuoni kufundisha, nilikuwa tandiboi wa lori la kahawa. Kazi yangu ilikuwa kuruka chini na gogo mkononi na kulitia nyuma ya gurudumu, kwa kuwa breki ya mkono ilikuwa imekatika. Dereva alijua, nami nilijua. Abiria waliokaa juu ya magunia hawakujua, na hakuna aliyewaambia. Siku moja, katika mlima wa kupandia Kamachumu kutoka Muhutwe, injini ilizimika, nikatupa gogo, gurudumu likalipanda gogo kama si kitu. Lori lilirudi nyuma likaingia mibuni. Mama mmoja alivunjika mguu. Akiwa chini, nikimsaidia, aliniuliza, "Mwanangu, mlijua?" Sikumjibu, na hata leo sijapata jibu.

Kijana aliondoka bila kuaga.

Asubuhi alikwenda mwenyewe kwa fundi. Fundi hakumgombeza, alimpa spana, akasema, "Fungua." Mpira ukatoka umevimba na kulegea kama andazi lililolowa chai. Petroli huula mpira, na kijana hakulijua hilo, alidhani ameusafisha. Kisha fundi akaamuru magurudumu yote yafunguliwe, hata ya wale waliokuwa wakimcheka mwenzao. Katika gurudumu moja la mbele ilionekana nati ya bomba haikukazwa, na aliyelikabidhiwa alikuwa ameapa mara mbili kwamba ameikaza.

Katika Kurani tumepewa habari za Nabii Daud, alayhi salaam, aliyelainishiwa chuma, naye akaamrishwa kupima sawasawa katika kuunga deraya. Nimeifundisha aya hiyo miaka thelathini. Siku hiyo ndiyo niliyoielewa kwa mkono.

Safari haikuwako. Watoto wanane walilia, na wawili kati yao hawakutaka kunisalimu kwa siku tatu. Wanachama wengine walimnunia kijana, wakisema amewaaibisha mbele ya shule nzima. Sikuona njia ya kumwondolea uchungu huo, wala sikujaribu. Mashindano tulikwenda kwa basi, kwa nauli iliyochangwa na wazazi, na mchango mkubwa kuliko wote ulitoka kwa baba wa yule kijana.

Yeye hakuniambia tena nimkataze mwanawe. Aliniuliza tu ovaroli yapatikana duka gani. Gari lingali juu ya magogo, likingoja mpira mpya, na kijana huja chuoni kila Alasiri, kucha zake zina weusi usiotoka kwa sabuni.