Uwanja wa Wote Ukatwe Kabla Parseli Hazijaisha

Ndugu zangu wa Masisi na Walikale, tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, serikali iliamuru mitaa kumi ya Goma ihamwe. Maelfu walishika njia ya Sake. Walilala makanisani, mashuleni, wengine kando ya barabara. Mji uliokatwa parseli hadi parseli, msiba ukibisha hodi utaupokelea wapi?

Najua jibu la wengi: watu wanakimbia risasi, nawe unadai bustani! Lakini wakati wa vita ndio ardhi ya umma huliwa upesi zaidi. Ofisi zimefungwa, mwenye nguvu anasimika vigingi usiku, na amani ikirudi anatoa karatasi. Sisi wa Masisi, tuliozikana kwa sababu ya mashamba, hatuhitaji kufundishwa hilo.

Goma nayo ituonye. Ziwa Kivu liko mbele yake, ila sehemu kubwa ya ufuko imezungushiwa kuta za hoteli na za wenye nacho. Na msiniambie tunayo Virunga tangu 1925. Hifadhi ile ni ya sokwe na wageni, mtoto wa Sake hapelekwi kuchezea huko.

Tazameni Nairobi. Uhuru Park ilifunguliwa na Jomo Kenyatta mwaka 1969. Mwaka 1989 watawala wakataka kusimamisha humo jengo la ghorofa 60 pamoja na sanamu ya rais Moi. Mwanamazingira Wangari Maathai akaandika barua kila mahali. Wabunge walimtukana, chama chake kikafukuzwa ofisini, naye hakunyamaza, mpaka wafadhili wakajitoa na mpango ukafa. Agosti 2010 katiba mpya ya Kenya ilitangazwa papo hapo, mbele ya umati ambao jengo lile lisingeuachia pa kusimama.

Mama yule alikuwa na bustani inayojulikana, yenye jina na mipaka. Sisi tunalinda nini? Sheria yetu ya ardhi ya 20 Julai 1973, kifungu cha 55, inasema ardhi iliyowekwa kwa matumizi ya umma haigawiwi mtu maadamu haijaondolewa rasmi katika kazi hiyo. Ngao ni nzuri, lakini haikingi kiwanja ambacho watoto wanakichezea kwa mazoea tu. Kesho atakuja mtu na hati yake, na hakimu atasoma hati.

Kwa hiyo, enyi Bami, machifu wetu wa jadi, wakuu wa maeneo na watu wa kadasta: Sake, Kitshanga, Nyabiondo, Masisi, Walikale, kila mji utenge uwanja mmoja sasa, wakati nafasi bado ipo. Upimwe mchana, wazee na akina mama wakishuhudia, uandikwe, upandwe miti mpakani. Nanyi raia, atakapokuja mgawaji wa viwanja, kabla hajafungua kamba yake mwambieni awaonyeshe kwanza kwenye ramani: wa wote uko wapi?