Dawa wamepewa, kumbukumbu wamenyimwa: Yan Lianke na vijiji vya damu China

Jina la Yan Lianke halikosi kutajwa panapozungumzwa waandishi wa China wanaofungiwa vitabu. Ili tuelewe kwa nini serikali iogope riwaya, tuanze na wakulima.

Miaka ya 1990, katika jimbo la Henan, wakulima waliuza damu yao. Maofisa wa jimbo waliihimiza biashara hiyo kama njia ya kuukimbia umaskini. Iliyotakiwa ni plazima, yaani yale majimaji ya manjano yaliyomo ndani ya damu, ya kutengenezea dawa. Damu ya watu kadhaa ilichanganywa, plazima ikatolewa, na kilichobaki kikarudishwa mwilini mwa wauzaji ili wauze tena mapema. Mmoja akiwa na virusi vya UKIMWI, wenzake wote walikuwa hatarini.

Vijiji vikaanza kuzika. Maofisa wakanyamaza, na ukimya huo uliua, kwa sababu mtu asiyejua kwamba ameambukizwa humwambukiza mwenza wake, na mama humwambukiza mtoto. Daktari Gao Yaojie, bibi mstaafu aliyezunguka vijijini kuwahudumia wagonjwa, aliwahi kuzuiwa asitoke nyumbani kwake. Alifariki New York, Desemba 2023.

Yan ni mtoto wa Henan hiyohiyo, aliyezaliwa 1958 katika familia ya wakulima. Alikwenda mara kadhaa kwenye kijiji kilichoathirika, na mwaka 2006 akatoa riwaya inayojulikana kwa Kiingereza kama Dream of Ding Village. Msimulizi ni mtoto aliyekwisha kufa. Baba yake alikuwa mnunuzi mkubwa wa damu, na wanakijiji walilipiza kisasi kwa kumlisha mtoto sumu. Kwa maoni yetu, uzito wa kitabu uko hapo. Yan haishii kwa wakubwa. Anamgeukia pia jirani aliyekuja na sindano na kuhesabu pesa.

Alisema mwenyewe kwamba aliipunguza makali ili ipite. Bado ikapigwa marufuku.

Tuseme na upande wa pili: tangu 2003 serikali ya Beijing imekuwa ikitoa dawa za kufubaza virusi bure kwa wagonjwa wa vijijini. Nani aliiruhusu biashara ile, hilo limebaki limefunikwa.

Riwaya yake nyingine, The Four Books, inahusu njaa kubwa ya mwaka 1959 hadi 1961. Viongozi wa ngazi za chini waliripoti mavuno ya uongo, serikali ikachukua nafaka kwa hesabu hizohizo, na waliolima wakafa njaa. Watafiti wengi wanakadiria vifo kati ya milioni 15 na 45. Kwa miaka mingi jina rasmi lilikuwa maafa ya asili. Wachapishaji wa China bara waliikataa. Ikatoka Hong Kong na Taiwan.

Februari 2020, corona ikienea, Yan aliwafundisha wanafunzi wake kwa njia ya mtandao na kuwataka wayashike moyoni waliyoyaona. Mwezi huohuo alifariki Li Wenliang, daktari wa Wuhan aliyeonywa na polisi baada ya kuwatahadharisha wenzake.