Masisi na Walikale: Kugawa mbegu bila kujali udongo ni kumdanganya mkimbizi

Kila msimu picha ni ile ile. Gari la shirika linafika, wakimbizi wa ndani wanapanga mstari, kila jamaa inapewa jembe, mbegu za karoti na kilo chache za viazi. Ripoti inaandikwa, gari linarudi. Hakuna anayeuliza kama udongo utakaopokea mbegu ile bado una nguvu.

Wako wanaosema dawa ni paketi ya bakteria. Wana sehemu ya haki. Tangu 2009 mradi wa N2Africa ulifika hadi Kivu na bakteria wa soya na maharage, na Kenya inatengeneza paketi hizo kwa jina la BIOFIX. Lakini wauzaji waseme kweli yote. Bakteria yule anaishi ndani ya vifundo vya mizizi ya maharage na soya, anavuta naitrojeni ya hewani. Kwenye karoti, viazi au muhogo hajengi vifundo. Tena ni kiumbe hai: paketi ikikaa kwenye jua la soko, inayouzwa ni vumbi tu.

Faida ya viazi inapitia kwa maharage. Ng'oa shina moja wakati wa maua, pasua kifundo: kikiwa chekundu ndani, kazi inafanyika. Wakati wa kuvuna, kata shina, acha mizizi udongoni, na maganda yarudi shambani badala ya kuchomwa. Msimu unaofuata, panda viazi au karoti hapo. Mzunguko huu unasaidia pia kupunguza mnyauko wa viazi, ambao nao unaletwa na bakteria, ila mbaya. Kwa mbolea ya ng'ombe iliyooza vizuri, udongo unapata bakteria wengine wengi wanaolisha mizizi. Walikale, ambako udongo wa msituni una asidi, majivu ya jikoni yanaongeza nguvu.

Basi kwa nini mkimbizi hafanyi hivyo? Si ujinga. Ni ardhi. Masisi, asiye na shamba anafanya salongo: analima siku kadhaa kwa mwenye konsesio ili apewe kipande cha msimu mmoja. Nani atabeba mbolea mgongoni kulisha udongo ambao kesho atanyang'anywa? Bakteria wanahitaji misimu. Mkimbizi anapewa miezi. Januari 2025 vita viliingia Masisi-Centre, Machi vikafika Walikale-Centre, na hata waliokuwa na mashamba yao waliyaacha.

Wengine watasema mwenye njaa hawezi kungoja mzunguko wa mazao. Maharage yanaiva kwa miezi mitatu hivi, na yanaliwa. Kungoja kuko wapi?

Mashirika, kabla ya kugawa mbegu, kaeni na wenye konsesio na machifu, mkimbizi aandikiwe misimu mitatu kwenye kipande kimoja. Wekeni maharage ndani ya kila mgao wa viazi. Wenye ng'ombe, toeni mbolea: shamba linalorudi kwenu likiwa na nguvu ni faida yenu. Na agronomu wa eneo ashuke shambani, asingoje semina.

Mbegu bila udongo ni zawadi ya siku moja. Jamaa zilizokimbia zimechoka na zawadi za siku moja.