Joto la Tanuri Nalo Lifundishwe

Wako wadhanio kwamba fomula ya kikemia yatosha kuitambulisha dutu. Unga wa kauri wa oksidi ya titani (TiO2), wenye chembe za nanometa chache, yaani sehemu za bilioni za mita, wawakanusha. Ukichomwa kwa nyuzi 450 hivi za Selsiasi, kwa kawaida huwa fuwele za anatasi, zifaazo kuvunjavunja uchafu wa maji kwa msaada wa mwanga wa urujuanimno. Ukipita nyuzi 700, atomu hujipanga upya kuwa rutili. Chembe huungana na kukua, eneo la uso hupungua, na kazi ile hudhoofika. Fomula haikubadilika. Mwanafunzi aliyekariri fomula pekee ataharibu unga na kupoteza umeme bure. Yafaa shule zifundishe pia kiwango cha joto na muda wa kuchoma.