Kaskazi Haina Makosa

Nduzangu, nimechoka kuambiwa ni upepo.

Disemba pua ikiziba utaambiwa, "Ni kasikazi hiyo mwanangu, itapita." Sawa. Inapita, kusi inaingia na mvua zake, na pua iko vilevile. Sasa lawama inahamia kwa kusi. Mwaka mzima wa mtu wa Amu ni pepo mbili hizo tu, na siku chache za tanga mbili katikati. Basi tuelezwe, ruhusa ya kupumua ni lini?

Mimi ni mgonjwa wa sainasi. Si mafua ya kuja na kuondoka, hapana. Nazungumzia kile kichwa kinachopasuka ukiinama kuvua viatu, meno ya juu yanayouma na daktari wa meno haoni tundu, kamasi zinazoteremka kooni usiku kucha, na harufu ya biriani ya harusi inayopita mbele yako kama haikuhusu. Wazee wanaita kipandauso. Mimi hunijia mara nne kwa mwaka, ikizidi tano. Na kila mara ushauri wa kwanza, kutoka kwa jirani, kwa ami, kwa wenzangu wa darasani, ni uleule: "Nenda kemisti uchukue Amoksili."

Hapo ndipo nina ugomvi.

Kwanza tuelewe hii kitu inavyofanya kazi, manake wengi hatujawahi kuambiwa. Nyuma ya mashavu, juu ya macho na katikati ya macho, mfupa una vyumba vitupu. Kuta za vyumba hivyo hutoa ute, na vinyweleo vidogo sana husukuma ute huo polepole mpaka kwenye tundu jembamba linalofungukia puani. Ni kama mtaro wa kichochoroni pale kwetu. Ukiwa wazi, maji yanapita na hakuna anayeukumbuka. Ukiziba, maji yanatuama, yananuka, na vijidudu vinapata makao. Sasa wewe mtaro umeziba mdomoni, unamwaga dawa ndani ya maji yaliyotuama na takataka unaiacha palepale. Wiki mbili baadaye unashangaa harufu imerudi.

Tena mara nyingi hao bakteria unaowawinda hata hawapo. Sainasi nyingi zinazoanza na mafua ni za virusi, na antibiotiki haiui virusi hata ukimeza kapu zima. Katika watu 100 wenye mafua ya aina hiyo, wanaoishia kupata maambukizi ya bakteria ni kama wawili, au chini ya hapo. Na dalili zake zinajulikana: siku 10 zimepita bila nafuu yoyote, au ulikuwa unapona halafu ghafla ukarudi chini vibaya zaidi, au homa ya nyuzi 39 pamoja na usaha puani na maumivu ya uso kwa siku tatu nne mfululizo. Nje ya hapo kapsuli yako ni pambo.

"Lakini mimi nilimeza nikapona!" Ndiyo ulipona, manake mafua yenyewe huisha ndani ya siku saba mpaka kumi. Liwike lisiwike, kutakucha. Wewe umempa jogoo sifa za jua.

Mwaka jana niliingia duka moja la dawa, silitaji, nikasema kichwa kinauma na pua imeziba. Sikuulizwa ni siku ya ngapi. Sikuulizwa kama nina homa, wala kama kuna dawa inayonidhuru. Aliyekuwa kaunta aliuliza swali moja tu: "Una ngapi?" Nilikuwa na mia. Akachukua mkasi, akakata kipande cha karatasi ya kapsuli, akanisukumia sita. Dawa ya kumeza mara tatu kwa siku, kapsuli sita! Siku mbili hizo. Nikamrudishia, akanitazama kama nimemtukana.

Kisheria, antibiotiki hapa Kenya ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Kila mtu anajua, na kila mtu anajua mkasi ule uko wapi. Mtu hanunui nusu dozi kwa ujinga, ananunua kwa sababu ya mfuko, hilo sibishi. Lakini aliyesimama upande wa pili wa kaunta na koti jeupe ndiye anayejua, na yeye ndiye mwenye mkasi. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alionya jambo hili hili akipokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945: kwamba siku dawa ile itakapouzwa madukani kwa yeyote, watu watajipa dozi ndogo isiyoua vijidudu, ila inavifundisha kuizoea. Na vimefundika kweli. Kwa mwaka 2019 pekee, inakadiriwa watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kutokana na bakteria sugu kwa dawa.

Milioni ni hesabu ya mbali, njooni karibu. Dawa ya kwanza anayopewa mtoto mdogo mwenye nimonia ni hii hii Amoksili. Sasa fikiria mtoto yuko Kizingitini, ni usiku, bahari imechafuka, boti ya kumpeleka Amu haitoki mpaka kupambazuke. Dawa iliyoko pale kituoni ndiyo hiyo. Mimi nataka ifanye kazi usiku ule. Sitaki tuwe tumeimaliza nguvu sisi, kwa ajili ya pua ambayo ingefunguka yenyewe Alhamisi.

Haya, turudi kwenye takataka ya mtaroni. Moshi na vumbi hulemaza vile vinyweleo na kuvimbisha njia za pua. Na moshi, watu wa Lamu, tunaujua vizuri. Kulipangwa kujengwa kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe pale Kwasasi, megawati 1,050. Watu waliandamana, Save Lamu na wenzao wakaenda kushtaki, na tarehe 26 Juni 2019 mahakama maalumu ya mazingira ikafuta leseni. Najivunia mpaka leo. Tuliukataa moshi ambao hata haujawashwa!

Na ule uliowashwa je?

Jiko la mkaa linalokokwa ndani ya jikoni lisilo na pa kutokea hewa, na anayeinamia pale ni mama au dada yako. Chupa na mifuko ya plastiki inayochomwa alfajiri ili mtaa "upendeze". Sigara. Veipu ya ladha ya embe ambayo nyinyi mnadhani ni mvuke wa chai. Halafu ile dawa ya mbu ya kuzunguka, ya kijani, inayowashwa chini ya kitanda milango imefungwa: utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulipima moja ikiungua mpaka mwisho, ukakuta chembe laini za moshi wake ni sawa na za sigara 75 mpaka 137. Ungemwona mtu anavuta sigara 75 pembeni ya mtoto aliyelala, ungefanyaje?

Udi na ubani najua mtanirukia. Sijasema muache. Harusi bila udi ni mkutano tu. Nasema fukizeni na dirisha wazi, na mwenye pua mbovu atoke nje kidogo bila kuitwa mshamba. Na nyumba zetu za mawe zilizotuingiza UNESCO mwaka 2001, ni nzuri, watalii wanalia wakiziona, ila vyumba vya chini vina unyevu. Sogeza kabati wakati wa mvua uone kuvu ukutani. Unalala nayo hiyo, mwaka mzima, kisha unalaumu kaskazi.

Punda sijawasahau. Mavi yakikauka yanakuwa vumbi na tunayavuta wote. Dawa yake ni ufagio na maji kidogo kabla ya kufagia.

Mimi sasa hivi kinachonisaidia ni kuosha pua. Tunaotawadha tumezoea kupandisha maji puani, kwa hivyo msijifanye mnaogopa. Ila hii ni maji mengi zaidi, yanafika ndani, na lazima yawe yamechemshwa kisha yakapoa mpaka vuguvugu. Si ya kisima, si ya bomba moja kwa moja. Karachi, kule Pakistani, kuna watu wamekufa kwa amiba iliyoingia puani na maji ya bomba. Ni nadra sana, lakini sufuria ni ya nini? Kikombe cha robo lita, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Bomba la sindano lisilo na sindano, safi. Inama juu ya beseni, fungua mdomo, sukuma taratibu tundu moja, maji yatoke tundu la pili. Mara ya kwanza utajihisi unazama. Ya tatu utashangaa uliishi vipi.

Matone ya kufungua pua, yale ya haraka, yasipite siku tano. Ukizidisha pua inaziba kwa sababu ya matone yenyewe, na nawajua watu wanatembea na kichupa mfukoni kama simu. Spre ya steroidi anayoandika daktari ni kitu kingine: hiyo ni ya kila siku, na inahitaji wiki moja mbili kabla hujaona kitu. Usiitupe siku ya tatu ukasema ni maji.

Na kama inakurudia mara nne kwa mwaka, au haiondoki wiki 12, dai uchunguzi. Huenda ni aleji, huenda mfupa wa katikati ya pua umepinda, huenda kuna vinyama puani, huenda ni jino bovu la juu, hasa ikiwa ni upande mmoja na unanuka. Mimi niliandikiwa barua ya Mombasa: boti mpaka Mokowe, basi, siku nzima, ili mtu anitazame puani dakika kumi. Inaudhi, lakini dakika kumi zile zilinipa jibu ambalo miaka ya kapsuli haikutoa. Ni aleji ya vumbi na kuvu. Jicho likivimba, ukaona vitu viwili viwili, au shingo ikakakamaa, hapo usingoje barua, kimbia hospitali usiku huohuo.

Nyumbani nimeanza na chumba changu. Kabati liko mbali na ukuta, ukuta umesuguliwa, dirisha liko wazi. Mamangu analalamika mbu wataingia. Nimemwambia, mama, ndiyo maana kuna chandarua.