Usawa wa jeshini uanzie getini

Wadau, mwenzenu juzi nilikuwa kwetu Bungu, kule milimani Korogwe. Kijiweni mjadala ulikuwa jeshi. Jamaa mmoja akasema, "Dada zetu wanabebwa tu. Wakitaka usawa, wapewe kipimo kilekile!" Nikacheka. Wakati anasema hayo, akina mama walikuwa wanapandisha kuni kichwani, sisi tumekaa na vikombe vya kahawa.

Lakini hoja yake tuijibu. Kweli, vipo vipimo vinavyotofautiana. Jeshi la Kenya linataka mwanamume awe na urefu wa mita 1.60, mwanamke 1.52. Je, huo ni upendeleo? Fatuma Ahmed aliingia jeshi hilo mwaka 1983, enzi ambazo wanawake walikuwa na kikosi chao cha pembeni. Kikavunjwa 1999, wakachanganywa na wanaume. Mwaka 2018 akawa Meja Jenerali wa kwanza mwanamke nchini humo, na 2024 akakabidhiwa Jeshi la Anga. Cheo hicho hakipimwi kwa futi.

Hapa kwetu, tangu Machi 2021 Amiri Jeshi Mkuu ni mwanamke. Na pale JKT Mgambo, Handeni, wa kike na wa kiume wanakimbia mchakamchaka na kushika jembe pamoja. Huko sina wasiwasi.

Kinachonisumbua mimi ni kipimo kilichoandikwa sawa kabisa. JWTZ wakitangaza nafasi, wanataka mwombaji awe hajaoa au hajaolewa. Maneno ni yaleyale kwa wote. Haya, chukua vijana wawili wa miaka 18. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliweka miaka 18 kwa mvulana, lakini kwa msichana ikaruhusu 15, mzazi akiridhia. Kwa hiyo mvulana anafika getini hana ndoa kwa sababu sheria ilimlinda. Msichana anaweza kufika akiwa ameshaozwa miaka 3, kwa ridhaa ya baba yake!

Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubali 2019. Safi sana. Ila hukumu haimrudishii aliyeozwa nafasi aliyopoteza.

Najua mtasema mafunzo hayachanganyiki na familia. Nakubali, kuruta anaishi kambini. Lakini binti aliyeozwa utotoni, akaachika, leo yuko peke yake na ana mapafu ya kupanda Usambara bila kutweta, kwa nini ndoa ile ihesabiwe kosa lake? Tangazo liweke sentensi moja tu ya kumruhusu. Halafu mkimbizeni na wenzake, kipimo kilekile. Akishindwa, arudi nyumbani.

Jamaa yangu wa kijiweni alinyamaza, akaagiza kahawa nyingine. Nyie mnaonaje?